Redio koli za boti, soma kabla hujawasha

Wakuu salama? Poleni na kusi, jana hata kuvuka kwenda Msangamkuu ilikua shughuli. Naja na ishu ya redio koli maana naona watu mshaanza kununua kimya kimya. Jamani risiti ya duka sio leseni, masafa ya redio anaegawa ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwa sheria ya mawasiliano ya 2010, unaomba leseni ndo unapangiwa, na redio yenyewe iwe aina waliyoidhinisha.

Juzi mwenzetu kaniletea mbili hapa Shangani, shemeji yake kamtumia toka Marekani, nikatoa betri nikasoma lebo nakuta masafa ya megahezi 462. Kule ni za familia hazitaki leseni, Ulaya nao wana zao za 446 nusu wati, ila ruhusa ya kwao haipandi ndege na redio! Na hizi za kichina unazobonyeza namba mwenyewe ndo kiboko, ukikosea kidogo ushatua kwenye masafa ya watu, labda ya polisi.

Baharini tunataka redio ya VHF (masafa ya juu sana) ya vyombo vya majini. Chaneli 16, yaani megahezi 156.8, ni ya dharura na kuitana tu, mkishapatana hamieni nyingine, sio kuulizana bei ya pweza humo. Nayo inataka leseni pia.

Fomu za leseni tujaze pamoja, ila kila boti na yake. Nitumieni inboksi usajili wa boti na picha ya lebo ya redio, isiwe giza tupu kama ile ya jana. Mwisho ijumaa, na ambao mshanunua zimeni kwanza.