Mama Nuru, hata mimi ni panya

Majengo, Moshi
Jumapili usiku

Mama Nuru shoga yangu,

Habari za huko, habari za joto, mtoto hajambo? Sisi huku wazima, baridi imeanza kuuma na mlima wiki nzima umejifunika hatujauona. Ile voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa sokoni nikaikatisha maana nilisikia unalia na wateja wamesimama mbele yangu, nikaja kuimalizia nyumbani. Nikataka kukupigia afu nikaona hapana, kwenye simu tutaongea dakika tano Nuru atakuita au salio litaisha, acha nikuandikie vizuri kama tulivyokuwa tunaandikiana likizo ikifika kila mtu yuko kwao.

Kwa hiyo bosi wako Mchina kakuuliza umezaliwa mwaka gani, ukamwambia 96, akasema basi wewe ni panya, na wenzako hapo dukani wakaangua kicheko na hii ni wiki ya pili wanakuita Panya mbele za watu. Nimeelewa kwa nini imekuuma. Hapo Dar neno lenyewe limeshachafuliwa na panya rodi, vijana wa mapanga, na sisi tangu wadogo tumeambiwa mtu anayekung'ata huku anakupuliza ndio panya huyo. Ukiitwa simba unacheka, ukiitwa panya unaanza kujiuliza umemwibia nani. Wenzako waambie waache, na wasipoacha kamwambie bosi mwenyewe, maana yule naamini kabisa hakukutukana, alikuwa anakusifia.

Wenzetu wale wana hesabu ya miaka 12, kila mwaka na mnyama wake, na wa kwanza kabisa kwenye msururu ni panya. Sio simba, sio joka, joka lenyewe ni la tano. Mwaka wao hauanzi Januari mosi, ule wa 96 ulianza tarehe 19 Februari, kwa hiyo wewe wa Aprili umo na mimi wa Oktoba nimo. Ongeza 12 unapata 2008, ongeza tena 12 unapata 2020, na Nuru kazaliwa Julai 2020, yaani hapo nyumbani kwako mpo panya wawili na wa tatu ndio huyu anayekuandikia.

Wanasimulia kwamba mfalme wa mbinguni aliwaita wanyama wote washindane kuvuka mto, atakayefika mbele ndio atatangulia kwenye hesabu. Panya akajiangalia akaona kwa miguu hii sifiki, akamuomba ng'ombe ampakie mgongoni, ng'ombe akavuka maji yote yale kwa nguvu zake, wakikaribia ng'ambo panya akaruka mbele akawa wa kwanza na ng'ombe wa pili. Paka alikosa kabisa nafasi, wengine wanasema panya alimsukuma majini, wengine wanasema aliahidi kumuamsha asubuhi akamuacha amelala, na uadui wao ndio ulianzia hapo. Hiyo sehemu ya paka siipendi na siwezi kuitetea. Lakini ya ng'ombe naielewa, mtu mdogo asiye na kitu anavukaje mto kama sio kwa akili? Ndio maana wanaamini mtu wa mwaka wa panya ana akili nyepesi, anajua kuweka akiba na hakosi chakula ndani. Na neno lao moja linabeba panya mkubwa na yule mdogo wa kabatini, kama sisi tu, panya ni panya. Afu hata masaa ya siku wameyagawia wanyama wale wale, saa ya panya inaanza saa tano usiku mpaka saa saba, na voisi yako iliingia saa sita na robo.

Utauliza haya nimeyajulia wapi. Shoga, ni hasira ndio zilinifundisha. Mwezi wa tatu panya walinitoboa magunia manne pale stoo ya Mbuyuni kwa usiku mmoja. Asubuhi nakuta mahindi yametapakaa chini, nikachota kiganjani nikaangalia punje moja moja, na kila punje imeliwa pale kwenye kiini tu, pale penye mafuta, wanga wote umebaki mzima mweupe. Hawali hovyo wale, wanachagua. Lakini hindi lisilo na kiini nani atanunua, nilisimama pale na chozi linanitoka maana hela yenyewe ya vikoba.

Bibi yangu alikuwa anatukataza kusema kwa sauti kwamba tumenunua sumu, anasema panya anasikia, kwa hiyo hata kijana wangu wa stoo sikumwambia, nikaondoka kimya kimya mpaka kwa yule mzee wa Kihindi wa hadiwea nikanunue mitego na waya wa wavu. Mzee akaniwekea mitego mitano kaunta. Nyuma yake kuna kishubaka na sanamu ya yule mungu wao mwenye kichwa cha tembo, Ganesh, una kumbukumbu tulikuwa tunamuona kwenye kalenda zao. Siku hiyo ndio nikaona chini ya mguu wake kuna panya. Mdogo kama kidole gumba, kakaa kwa miguu ya nyuma, mikono miwili kashika ladu, kile kitamu chao cha mviringo, kaielekeza mdomoni na macho kamuinulia bwana wake, na mbele yake yeye mwenyewe panya wamemuwekea ua moja la njano bichi, la asubuhi hiyo. Nikaangalia mitego, nikaangalia ua.

Mzee akaniona, akacheka taratibu akaniambia mama, huyo ndio usafiri wake. Tembo mzima anapanda panya! Akanieleza kwamba zamani alikuwa mpiga muziki wa huko mbinguni, akamkanyaga mtawa mmoja mguu, akalaaniwa akawa panya mkubwa anabomoa mashamba na nyumba za watu, mpaka Ganesh alipomtia kamba, hakumuua, akamfanya kipando chake. Na Ganesh kazi yake ni kuondoa vizuizi, ndio wanamuomba kabla ya kufungua biashara au kuanza safari, sasa tembo anasukuma vikubwa lakini kuna vizuizi anavyopita panya peke yake, chini ya mlango, ndani ya ukuta. Mimi ni Mkristo na wewe unajua msimamo wangu, sijasema nikaabudu sanamu, lakini nilitoka pale nimebeba mitego yangu kichwa kinazunguka. Usiku nikaanza kugugo na sijaacha mpaka leo.

Kuna hekalu India, Rajasthan, mji unaitwa Deshnoke karibu na Bikaner, wanasema lina panya kama elfu 25. Wanaishi humo, wanawekewa maziwa kwenye masinia mapana wanajipanga ukingoni kama watoto wa shule, juu wametandika nyavu ili mwewe asiwachukue. Unaingia bila viatu, panya akikukimbilia juu ya mguu ni baraka, ukimuona mweupe ndio bahati kubwa maana weupe ni wachache mno. Ukiua mmoja hata kwa kumkanyaga bahati mbaya unamlipa kwa panya wa fedha au dhahabu. Na sababu yake ndio iliyonishika. Wanasimulia kwamba Karni Mata, mama mtakatifu wao, mtoto aliyemlea alizama bwawani akifuata maji ya kunywa. Akamwendea mungu wa mauti amrudishe, akabishana naye hakukubali kushindwa, mwisho ikawa watu wa ukoo wake wakifa hawaendi kuzimu, wanakuwa panya kwanza, wanakaa pale kwa mama, halafu wanarudi kuzaliwa watu. Kwa hiyo yule bibi unayemuona kwenye picha ameinama na sinia la maziwa hafugi wadudu, anamlisha baba yake, anamlisha mwanawe aliyekufa. Nilimkumbuka mdogo wako, Mungu amrehemu. Ningekuwa nimezaliwa kule si ningempelekea maziwa kila siku?

Wajapani wana Daikoku, mungu wa mali, anasimama juu ya magunia mawili ya mchele na panya ndio tarishi wake. Yaani mtu wa nafaka kama mimi! Na hapo ndio nikapata jibu la swali langu, kwa nini watu waliolizwa na panya karne na karne ndio hao hao wamempa heshima. Panya hakai pasipo na kitu. Ukimsikia darini maana yake ndani kuna chakula, ghala tupu halina panya. Hata Wagiriki wa kale mungu wao Apollo walimpa jina la panya, Smintheus, ila wao waliogopa zaidi maana huyo alikuwa anatuma tauni na anaiondoa. Na tauni sikufichi, ni kweli tupu, viroboto vya panya ndio vimeibeba dunia nzima na hapo Lushoto tu imeua watu kuanzia miaka ya 80. Panya wa stoo namtega na nitaendelea kumtega. Sikuandikii kukuambia ni malaika.

Ila sasa sikia la kwetu, maana nahangaika na India na Japani wakati lililo kubwa liko Morogoro. Unamjua panya buku, yule mkubwa tuliyekuwa tunamkimbia kwenye mitaro. Pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, kuna shirika la APOPO wanawafundisha kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja akiitwa Magawa, kazaliwa Morogoro Novemba 2013, mwaka 2016 akapelekwa Kambodia ambako vita viliacha mabomu mashambani, akanusa mabomu ya ardhini 71 na vilipuzi vingine 38 mpaka anastaafu 2021. Alikuwa na kilo moja na kidogo, kwa hiyo anapita juu ya bomu halilipuki, akilinusa anakwaruza ardhi, anapewa ndizi na karanga. Mtu na mashine anahangaika na kila msumari na kopo la kutu, panya hana habari na chuma, ananusa baruti tu, eneo la uwanja wa tenisi anamaliza nusu saa wakati mtu linaweza kumchukua mpaka siku nne. Waingereza wa PDSA, shirika la kutibu wanyama, wakampa medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata, na mwaka wenyewe ni 2020. Mwaka wa panya, mwaka wa Nuru! Alikufa Januari 2022, na mwingine wa kwetu anaitwa Ronin kaja kumpita, mwaka 2025 walitangaza kafikisha mabomu 109.

Na kuna la karibu zaidi ambalo sijawahi kukuhadithia. Yule mjomba wangu wa Morogoro alikohoa miezi, hospitali wakampima makohozi wakamwambia hana kitu, akarudishwa na dawa za kifua anazidi kukonda. Baadae anapigiwa simu arudi. Kumbe sampuli yake ilipelekwa kwa panya, wanapitishiwa vikopo vya makohozi kwenye mstari, panya anatembea ananusa kimoja kimoja, penye TB anaganda pua juu ya tundu sekunde kama tatu. Sampuli 100 kwa dakika 20. Akiganda, maabara wanarudia kuthibitisha kwa darubini, na ya mjomba wakaikuta kweli. Kanywa dawa miezi sita, Krismasi alikuwepo huku Kibosho anachoma nyama. Pua ya panya ndio imembakisha, na mimi siku ile napokea habari nilifurahia kipimo, sikuuliza hata ni nani aliyenusa.

Kwa hiyo mama, wakikuita tena usiiname. Mimi wa stoo yangu naendelea kumkasirikia lakini jina nimelipokea.

Mzigo wako wa maharage ya soya njano na unga nimeupakia basi la kesho alfajiri, konda nitakutumia namba yake. Gunia pale chini nimelishona uzi mwekundu, panya walinitangulia, ila nimepepeta upya ni salama.

Afu umesema juu juu tu mwisho wa voisi kwamba Nuru ameng'oka jino la kwanza la mbele. Limeng'oka lenyewe au mlilifunga uzi? Unakumbuka sisi, tulikuwa tunalirusha juu ya bati tunamwambia panya chukua bovu niletee jipya, na tukikosea likadondoka chini tunarudia mpaka likae. Hispania watoto wanaliweka chini ya mto na anayelifuata ni panya pia, wanamwita Ratoncito Pérez. Nimesoma kwamba meno ya mbele ya panya hayaachi kukua mpaka anakufa, kumbe tulikuwa tunamuomba mwenyewe kabisa. Sasa nyie huko ghorofani mtarusha wapi? Usilitupe. Lifunge kwenye karatasi, andika jina lake, mpe konda wakati unapokea mzigo, litafika keshokutwa. Mwambie Nuru mama yake mdogo atalirusha kwenye bati letu la Majengo, upande ule wa mparachichi ambako nawasikia kila usiku wanapita.

Ni mimi shoga yako,
Mama Kevi