Mdogo wangu, nyumba yetu ilikuwa na ukuta wa nne

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Simu zako nimeziona, ujumbe wa sauti nimeusikiliza wote. Sikupokea kwa sababu ukianza kuongea utanichekesha, na nikishacheka ninachotaka kusema kitapotea. Wewe mambo yetu umeyaweka mbele za watu, basi na jibu langu nimeliweka hapa hapa mbele za watu.

Video nimeiona. Mtoto wa jirani alikuja nayo mbio, simu mkononi: "Dada, si Mzee wenu huyu?" Siwezi kukunyima haki yako, umeitengeneza vizuri. Umeifanya nyeusi na nyeupe kama michezo ya zamani, tarumbeta mwanzoni, majina yetu yakipita juu ya picha ya nyumba. Wewe umevaa tai ukawa Baba, mkeo kafunga kilemba akawa Mama. Hata jirani wa kulia yumo, yule aliyekuwa anapiga hodi akiwa ameshafunua sufuria. Hapo nilicheka mpaka nikakaa chini.

Najua ulikoitoa. Ni zile kanda za video alizoleta mjomba kutoka Dar, vichekesho vya kale vya Marekani, tukaenda kuvitazama kwa wenye jenereta. Televisheni Tanzania Bara ilianza 1994, na huku Ujiji kwetu sisi kanda ndiyo ilikuwa kila kitu. Kiingereza hatukukijua, lakini tulifuata: baba anaingia, anatundika kofia, anaharibu jambo, watu wanacheka, wanakumbatiana, kwisha. Nusu saa. Kanda inayofuata kochi liko palepale na hakuna anayekumbuka lolote. Wewe ukauliza, "Wanaocheka wamekaa wapi?" Tangu siku ile ukawa unacheka kwa niaba yao. Mama akidondosha kijiko, kicheko chako kinatoka nyuma ya mlango.

Jibu la swali lako nimelisoma ukubwani. Wengine walikuwa watu kweli. Kichekesho cha I Love Lucy, kilichoanza 1951, kilirekodiwa kwa kamera tatu mbele ya watazamaji waliokaa upande ambao nyumba haikujengwa ukuta. Na vingine vilikuwa vicheko vya akiba. Fundi sauti mmoja, Charley Douglass, alitengeneza mashine katika miaka hiyo ya 1950: anabonyeza kitufe anatoka mwanamke akicheka, anabonyeza kingine unatoka umati. Mashine yenyewe aliifunga makufuli ili watu wasijue inavyofanya kazi. Maana yake mtu anaanguka kwenye picha, na mtu mwingine kabisa, chumbani kwake, anaamua acheke nani na kwa nguvu gani.

Wewe umeamua watu wacheke pale mkoba unapofunguka.

Usiku ule naukumbuka wote. Baba ameingia baada ya magharibi, suruali ya kitambaa, shati la mikono mirefu, mkoba mweusi wa ngozi. Kazini walikuwa wameshampunguza, lakini kila siku alitoka na mkoba wake kama kawaida na Mama alimpigia pasi shati kama kawaida. Sote tulijua, hakuna aliyesema. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amekaa sebuleni anamsubiri. Kufuli ya mkoba ikaachia mlangoni, dagaa wakavu wakamwagika: mkekani, chini ya kabati, mpaka ndani ya makubazi ya balozi. Ukapiga kile kicheko chako cha watazamaji. Balozi akacheka. Baba akatutazama mmoja mmoja, akacheka na yeye.

Video yako imekatika hapo, tarumbeta ikalia.

Baada ya hapo Baba alipiga magoti akaanza kuokota. Niliokota naye, ndipo nikaviona viganja vyake, vimechubuka vyote. Alikuwa anashusha mizigo Kibirizi mitumbwi ikirudi alfajiri na karabai zake, analipwa dagaa, anajisafisha, anavaa tena shati la ofisini. Mkoba ulikuwa wa kuficha hilo. Mama aliingia jikoni na hakutoka. Kabla ya isha mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Kesho yake Baba alikwenda Kibirizi na fulana, mchana kweupe. Wewe unaniambia, "Dada, siku ile ndiyo alipumzika." Wewe ulikuwa umelala. Mimi nilimsikia akitembea uani mpaka adhana ya alfajiri.

Kwenye hiyo michezo kuna watu wanalipwa kurudisha kochi mahali pake. Kwetu alikuwa nani? Bitana ya mkoba niliiosha kwa ndimu na majivu, harufu haikutoka. Nafasi ya kusoma Tabora niliiacha, na sikumdai mtu. Mnaniita mnuni, mnasema nimeweka kinyongo. Kama nyumba nzima inacheka, nani angemsikia Mama akiita?

Na nisikudhulumu. Dawa za Mama hazijakatika hata mwezi mmoja, ni jasho lako. Baba alipofariki, Mama alikataa chakula mpaka ulipomwigizia jirani na hodi yake, ndipo akapokea uji. Mwenyezi Mungu akulipe kwa uji ule, mimi nisingeweza. Kwa hiyo sikukatazi kuchekesha. Fanya ile ya shangazi na jogoo wake kwenye meli ya Liemba, shangazi mwenyewe anaisimulia kila Idi na anaipenda. Mfanye jirani mpaka uchoke. Lakini Baba hawezi kukwambia punguza, kwa hiyo nakwambia mimi, na hilo halinifanyi mtu mbaya.

Sasa unataka nikutumie mkoba kwa treni, uwe halisi kwenye sehemu ya pili. Siutumi. Uko chini ya kitanda cha Mama, ndimo anamoweka kadi ya kliniki na hati ya nyumba. Yeye video hajaiona, lakini watoto wanaingia hapa na simu kila siku, ataiona tu. Panda treni mwenyewe. Ukifika umwombe Mama, na umwambie ni wa kazi gani. Akikupa, beba.

Dada yako.