Risala ya mafundi wa jukwaa na mitambo ya muziki kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu,
Mheshimiwa Diwani,
Wawakilishi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji,
Afisa Utamaduni,
Mapromota mliofika,
Wazazi na walezi wa vijana wetu,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wa watu ambao kila ukifika kwenye tamasha huwa tumeshajificha nyuma ya pazia jeusi. Leo tunafunga mafunzo ya usalama kazini ya vijana wapya wa kikundi chetu, na tumeona tuitumie nafasi hii kukueleza kazi yenyewe ilivyo, kisha tuseme tunachoomba.

Sisi ndio wale wa jukwaa. Tunafunga na kufungua majukwaa, mapaa, taa, spika, skrini na jenereta za matamasha yanayozunguka mikoani, hasa huku Kanda ya Ziwa. Wamo mafundi umeme waliopita VETA, wamo walioanza kwa kubeba spika za harusini, na wamo wa deiwaka ambao leo wapo kesho hawapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, unapofika CCM Kirumba saa mbili usiku ukakuta uwanja unawaka, sisi tupo pale tangu jana yake alfajiri. Na kazi ilianza kabla ya hapo, siku ya kupakia lori. Kitakachotangulia kutumika ndicho kinachopakiwa mwisho: mbao za kulinda nyasi za wenye mpira, jeki za kusawazishia sakafu, vyuma vya jukwaa. Lori likipakiwa kinyume, kundi zima la watu wazima linakaa juani likisubiri kasha moja lililofukiwa mwisho kabisa wa bodi.

Wengi hudhani paa la jukwaa linajengwa juu kwa juu. Linajengwa chini. Trasi, yaani fremu ndefu za alumini zinazobeba paa na taa, zinaunganishwa sakafuni, taa zinafungwa zikiwa usawa wa kifua, kila taa na waya wake wa pili wa usalama endapo kibano cha kwanza kitaachia. Kebo zinapitishwa, taa zinawashwa na kujaribiwa moja moja, ndipo mzigo wote unapandishwa kwa mashine za minyororo, pole pole, pembe zote kwa pamoja. Pembe moja ikitangulia, inabeba mzigo wa wenzake.

Hapo sauti ya amri ni ya mtu mmoja. Akisema "panda", tunapandisha. Akisema mwingine, hata awe promota mwenye hela yake, hatumsikii. Lakini neno "simama" ni la kila mtu. Kibarua aliyepata kazi asubuhi ile, ambaye hata jina lake hatujalishika, akiona kebo imenasa akapaza sauti "simama", kila mkono unaachia kitufe, na hakuna wa kumgombeza hata kama macho yake yalimdanganya. Vijana wanaohitimu leo wamefundishwa mengi. Hili ndilo tulilolirudia mpaka wakachoka nalo.

Mheshimiwa, Kirumba haiko mbali na ziwa, na kila mkazi wa Mwanza anaujua ule upepo unaotangulia mvua. Paa lenye turubai ni tanga la jahazi lililofungwa nchi kavu. Upepo nao una hesabu yake: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo wake kwenye turubai unaongezeka mara nne. Ndiyo sababu utaona matangi meupe ya maji yamepangwa kwenye miguu ya nguzo. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, na tani hiyo ndiyo inayoizuia nguzo isinyanyuke. Si maji ya kufulia, ingawa kila tamasha hakosi mtu anayekuja na ndoo.

Tarehe 13 Agosti 2011, kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, dhoruba iliangusha paa la jukwaa wakati watu wanawasubiri wanamuziki wa Sugarland wapande. Walikufa watu 7. Uchunguzi ulionesha kwamba muundo wenyewe haukuwa na nguvu iliyotakiwa, na tena haikuwa wazi ni nani hasa mwenye mamlaka ya kusema tamasha lisimame. Mawingu yalionekana yakija, na wakubwa walikuwa bado wanajadiliana. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Juni 2012, mjini Toronto, Kanada, paa la jukwaa la bendi ya Radiohead lilianguka mchana, milango hata haijafunguliwa. Huko chanzo kilikuwa makosa ya usanifu na ujenzi wa paa. Aliyekufa ni Scott Johnson, fundi wa ngoma wa bendi hiyo. Tumemtaja kwa jina kwa makusudi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yetu na alikuwa kazini.

Upande wa sauti tungependa kukueleza kitu kimoja ambacho watu hawakioni. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Aliyesimama mita 68 kutoka jukwaani inamfikia imechelewa moja ya tano ya sekunde. Tukimwekea spika za nyongeza pale alipo bila hesabu, kila neno atalisikia mara mbili, kwanza la spika ya karibu, kisha la jukwaani, na hatashika hata moja. Kwa hiyo fundi saundi anapima umbali, akikosa kifaa anahesabu hatua, halafu anaichelewesha spika ya nyuma makusudi ili ziseme pamoja. Mchana uwanja ukiwa mtupu kila kitu kinakaa sawa. Usiku watu wanaingia, miili na nguo zao zinameza sauti, naye anaanza upya huku msanii ameshapanda.

Umeme tusiuongelee sana. Ziwepo jenereta mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikisubiri. Promota akianza kubana matumizi, ile ya pili ndiyo ya kwanza kufutwa kwenye orodha. Na msanii aliyewahi kupigwa shoti mdomoni na maiki hahitaji kuelezwa umuhimu wa waya wa athi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tukuite.

Bendi ya U2 ilipozunguka dunia kati ya mwaka 2009 na 2011, jukwaa lake lilikuwa na miguu minne na kimo cha takribani mita 50. Vyuma vyake vilitengenezwa seti tatu. Bendi ikipiga kwenye seti moja, nyingine ilikuwa inajengwa mji wa mbele na ya tatu inafunguliwa mji wa nyuma. Sisi seti yetu ni moja. Tamasha likiwa Kirumba leo na Kambarage, Shinyanga, keshokutwa, vyuma ni hivi hivi na mikono ni hii hii.

Kwa hiyo tamasha linapoisha saa nane usiku, kinatokea hiki. Mshereheshaji anaaga. Anawashukuru wadhamini, anavishukuru vyombo vya ulinzi, anawashukuru mabaunsa. Watu wanatoka, mama lishe wanafunga masufuria yao, magari ya viongozi yanaondoka, na gari la wagonjwa nalo linawashwa linakwenda zake. Baada ya muda taa za uwanja zinazimwa, kwa maelezo kwamba shughuli imekwisha. Ni wakati huo ndipo sisi tunapanda juu.

Kilichofungwa kwa siku mbili kinafunguliwa kwa saa nne au tano. Uzito ni ule ule uliopanda, ila sasa alumini ina umande, tochi ziko kwenye paji la uso na watu hawajalala. Spana tunaifunga kwa kamba mkononi, maana ikiponyoka toka mita 10 juu haiulizi aliye chini ni nani. Bolti zinafunguliwa kinyume cha zilivyofungwa, na palipo na haraka ndipo mtu anaporuka hatua moja akafungua ya chini kabla ya ya juu haijashikwa. Vibarua wapya wanaletwa saa hiyo kutoka getini, kwa kuwa wale wa asubuhi wamechoka wameondoka. Hawakuwepo paa likipandishwa, kwa hiyo hawajui kipi kinashikilia kipi.

Mwenzetu mmoja aliangukiwa mguuni na kasha la nyaya wakati wa kupakia. Aliyempeleka hospitali alikuwa bodaboda, mmoja wetu akiwa amekaa nyuma yake anamshikilia asidondoke. Yuko hapa leo, anatembea, na ameomba tusimtaje. Matibabu tulichangiana. Aliyemwajiri alisema hakumwajiri yeye, alimwajiri aliyemleta.

Kazi ikiisha uwanjani inahamia barabarani. Zamani safari ya Bukoba ilipitia kivuko cha Kigongo, malori yanakaa foleni na sisi tunalala humo humo juu ya mzigo. Tangu Juni 2025 tuna Daraja la J.P. Magufuli, kama kilomita 3 juu ya maji, na tunaishukuru Serikali kwa dhati kabisa. Ila Mheshimiwa, ile foleni ndiyo ilikuwa usingizi wetu. Mapromota wameziondoa saa za kivuko kwenye ratiba, na saa za kulala zikaondoka nazo. Dereva aliyeshinda na kukesha uwanjani anashika usukani alfajiri kwa sababu uwanja wa Kaitaba, Bukoba, unasubiri jukwaa.

Mwaka 2023 iliripotiwa kwamba Taylor Swift aliwapa madereva wa malori ya ziara yake ya Marekani dola 100,000 kila mmoja. Vijana wetu waliizungusha habari ile kwenye simu mpaka ikachakaa. Hatujaja kuomba hizo. Tungefurahi tu kulipwa siku ambayo lori limechelewa na sisi tumefika uwanjani kwa wakati, maana kwa sasa siku ya kusubiri haihesabiwi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi tunaloliweka mbele ya mengine yote ni hili. Kibali cha tamasha kinapotolewa wilayani kwetu, kiandikwe wazi kwamba tamasha halijaisha mpaka trasi ya mwisho iwe chini na lori la mwisho lifungwe mlango. Mpaka saa hiyo gari la wagonjwa libaki uwanjani, na taa za uwanja zibaki zinawaka. Gharama yake ni saa chache za dereva, muuguzi mmoja na umeme, nayo aibebe promota aliyeuza tiketi. Tumewauliza baadhi ya mapromota walioko hapa, na wamesema wakiandikiwa watalipa. Wasipoandikiwa, hawakutuahidi kitu, na tunawaelewa, ni biashara.

Kibali hicho hicho kitaje jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha tamasha kwa ajili ya upepo. Asiwe promota wala mdhamini. Kasi ya upepo ambayo ikifikiwa paa linashushwa iandikwe mapema, watu wakiwa bado hawajaingia, kwa kuwa uwanja ukishajaa hakuna anayekuwa na ujasiri wa kuanza mjadala huo.

Kuhusu haki za mfanyakazi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003, na ya Fidia kwa Wafanyakazi tangu mwaka 2008. Ugumu wetu ni kwamba mahali petu pa kazi panahama kila wiki, na kibarua anaajiriwa kwa mdomo, getini. Tunaomba ofisi yako itukutanishe na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, tukae meza moja na mapromota, tuone namna orodha ya mafundi na vibarua itakavyoambatanishwa na maombi ya kibali, pamoja na jina la anayewaajiri. Jina hilo likiwepo, siku ya ajali hakuna wa kutafutana.

Ombi la mwisho linahusu mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tumeandaa andiko la kununua mikanda ya kupandia, kofia ngumu, kipima upepo na mashine za minyororo za kwetu wenyewe, badala ya kukodi zisizojulikana zilikaguliwa lini. Andiko liko kwa katibu, na nakala yako imo kwenye bahasha hii. Wanawake wa kikundi, ambao sasa ndio wanaoendesha taa katika kazi zetu nyingi, wameandika la kwao peke yao, na kusema kweli limeandikwa vizuri kuliko letu.

Mheshimiwa, tukimaliza kusoma, vijana watapandisha mbele yako trasi moja yenye taa zake, kama wanavyofanya kazini. Tumekuwekea kofia ngumu hapo mezani, wewe na wasaidizi wako. Tunaomba muivae na msipite chini ya mzigo. Anayetoa amri leo ni yule binti mwenye kizibao cha njano, na ukiona chochote kinachokutia shaka, nawe pia unaruhusiwa kusema "simama".

Tunaomba kuwasilisha.