Somo la usanifu lianze na kanga, tena kwa tepu mkononi

Mhariri,

Vitabu vya utangulizi wa sanaa karibu vyote huanza na orodha ileile: mstari, umbo, rangi, nafasi, msawazo, marudio. Mwanafunzi huikariri, huchora duara la rangi na kupata alama zake. Kisha mpe kazi ya kubuni lebo ya chupa ya asali, utaona anabandika maandishi popote palipobaki. Orodha kaijua, kazi haijui, kwa sababu alifundishwa bila kitu mkononi. Napendekeza kitu hicho kiwe kanga, na isiishie kutundikwa ukutani siku ya wageni. Itandikwe mezani, ipimwe.

Kanga ya kawaida ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110. Hutofautiana kidogo, kwa hiyo pima iliyo mbele yako. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, ndani ya mji, chini, likikaribia pindo. Weka kitenge kando yake. Nakshi ya kitenge haina mwanzo wala mwisho, ndiyo maana fundi cherehani hukikata anapotaka. Doti ya kanga ina mahali pamoja tu pa kupitisha mkasi. Hapo tayari darasa limeona tofauti ya mchoro uliofungwa na fremu na mchoro unaoendelea, kabla mwalimu hajaandika neno ubaoni.

Kazi ya kwanza iwe kuichora kwa kipimo cha 1:5, yaani sentimita 30 kwa 22. Karatasi ya A4 haitoshi. Imepungua milimita 3 kwa urefu na sentimita 1 kwa upana, na mwanafunzi atakayelazimisha ataishia kubana pindo la upande mmoja. Tumia A3, au kama ipo A4 tu, shuka hadi 1:6.

Pindo ndilo linaloangusha wengi, na kosa huwa kwenye pembe. Tuseme pindo lina upana wa sentimita 15. Ondoa miraba minne ya pembeni, yenye sentimita 15 kwa 15. Upande mrefu unabaki na 120, mfupi na 80. Mwanafunzi akichagua ua la sentimita 15, upande mrefu utachukua maua 8 bila shida, lakini mfupi utachukua matano na kubakiza sentimita 5. Hapo ndipo tunapoona ua lililokatwa katikati, au korosho moja iliyonyongwa ili itoshe. Kipimo cha nakshi lazima kigawe 120 na 80 bila baki, kwa mfano 8, 10, 20 au 40. Mwalimu wa hisabati akialikwa atafurahi. Na pembe ichorwe kwanza, si mwisho, maana ndiyo inayoamua nakshi itageukaje.

Jina nalo lina hesabu yake. Chukua USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Ukihesabu herufi pamoja na nafasi kati ya maneno unapata 27. Ukizipa sentimita 3 kila moja, mstari unakuwa 81, na ndani ya mji wa 120 unabakiwa na 19.5 kila upande. Kwa rula kila kitu kiko sawa. Sasa rudi nyuma hatua kumi utazame. Upande wa kushoto una I tatu katika neno moja, herufi nyembamba kama kijiti, kwa hiyo umejaa mapengo. Kulia, M na W zimesimama bega kwa bega na zinagombana. Mizani ya rula si mizani ya jicho. Ipe I nusu ya nafasi, ongeza ile uliyookoa kwa M na W, kisha pima upya katikati ya mstari. Kipindi kizima kikiishia kwenye mstari huu mmoja, hakijapotea.

Wanaotaka kuchapa kwa stensili ya manila wajue kwamba matumbo ya A, O na R, yaani vipande vya ndani vilivyozungukwa na herufi, yatadondoka mara wembe ukimaliza mzunguko. Acha madaraja mawili membamba kila tumbo. Manila ipakwe nta ya mshumaa pande zote mbili, la sivyo italowa rangi na kujikunja kabla ya chapa ya tano. Wanaochonga mhuri wa kiazi au muhogo waandike herufi kinyume.

Kuhusu rangi nitasema machache. Katika uchapaji wa skrini, yaani wavu uliokazwa kwenye fremu na kupitisha rangi, kila rangi ina skrini yake, na nyeupe ya kitambaa ni ya bure, kwa hiyo rangi tatu za kuchapa zinatosha kabisa. Rangi nzito ije mwisho na ipande juu ya nyepesi kwa milimita 1 au 2. Zikiachwa zigusane tu, skrini ikisogea kidogo utaona uzi mweupe kati yake. Jina jekundu juu ya kijani linavutia ukiwa karibu, lakini kwa mbali halisomeki. Lipige picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, uone herufi zinavyozama.

Historia na fasihi hazihitaji kuvutwa kwa nguvu. Katikati ya karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakishona pamoja leso sita za mraba, tatu kwa mbili, kupata nguo moja. Baadaye zikachapwa nzima, na majina yakaandikwa kwa hati za Kiarabu kabla ya hizi za Kilatini. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, mwenye alama ya "Mali ya Abdulla", hutajwa sana kuwa ndiye aliyeanzisha majina. Mwalimu wa Kiswahili aulize nani anaambiwa maneno yale, na kwa nini mvaaji anaweza kukana kwamba alimlenga mtu. Kisha aonyeshe kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo kwa kawaida haina jina na bado inajulikana ni ya arusi.

Kwa wanaosahihisha kazi hizi: msianze na uzuri wa ua. Wekeni rula kwenye pembe nne, kisha hesabuni nakshi za pande mbili zinazotazamana. Zikitofautiana hata kwa moja, rudisheni karatasi kabla rangi haijapakwa.

Mwalimu wa sanaa za ufundi,
Tanga