Vijana mnaotafiti magonjwa ya kifua Mwanza: tuzo mmempa mzee, daftari zake mmezitoa nje

Wajukuu zangu, mwangaluka.

Mimi ni muuguzi mstaafu, kliniki ya kifua kikuu nimeizeekea, na baadhi yenu mama zenu niliwachoma sindano za streptomycin mimi kwa mkono huu. Kwa hiyo nikisema kwa ukali mnivumilie, nasema na wa kwangu.

Wiki mbili zilizopita mlimpa mzee wetu wa maabara tuzo ya mchango wa maisha kwenye utafiti wa kifua. Nilikuwepo, na alipoinuka na fimbo yake kwenda mbele nililia. Ila jamani, mzee kafika saa tatu asubuhi kama kadi ilivyosema, mgeni rasmi kaingia saa saba, halafu mzee anapewa dakika mbili, ndio kwanza anaanza kueleza namna ya kupaka makohozi kwenye kioo, MC anamkata na muziki unawekwa. Mkaja kupiga naye picha foleni nzima. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali.

Hilo ningelimeza. Jumatatu yake nikaenda kituoni kufuata dawa zangu za presha, nikapita nyuma kule stoo, nikakuta maboksi nje chini ya upenu, mvua inayapiga. Nikafungua moja. Daftari za maabara, mwandiko wa mzee wetu, wino umeshaanza kutambaa. Nikamuuliza kijana pale, akanijibu kwa heshima kabisa, "Bibi hizo za zamani, tumetoa nafasi ya kompyuta, sasa hivi data yote ipo kwenye mfumo."

Mwanangu, kwenye mfumo kumeingia nini? Kumeingia jina, tarehe na jibu. Mimi nimekaa na yule mzee, namjua. Anapaka makohozi, anakausha, anamwaga rangi nyekundu anaipitishia moto mpaka itoe mvuke, anasubiri, anaosha, anaondoa rangi kwa asidi, anaweka ya bluu, halafu anainama kwenye darubini kutafuta vijiti vyekundu, ndio vijidudu vyenyewe vya kifua kikuu, na hasemi hakuna mpaka apite sehemu 100 za kioo kile kimoja. Mashine ya GeneXpert, hii ya kisasa ya kupima makohozi, inakupa jibu kwa kama saa mbili na namshukuru Mungu kwa hiyo mashine, tungekuwa nayo zamani tungezika wachache. Lakini pembeni ya kila mstari mzee alikuwa anaandika kwa penseli. Nimesoma moja palepale kwenye mvua: "Yupo kambini, afuatwe mbalamwezi." Mnaelewa maana yake? Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza, taa zao ndizo zinavuta dagaa, mwezi ukiwa mkubwa hawatoki. Ukienda kisiwani usiku wa giza kumtafuta mgonjwa aliyekatisha dawa hukuti mtu, ukienda mwezi umejaa unamkuta anashona nyavu. Siku hizi mnaandika "mgonjwa amepotea" mnafunga faili. Hajapotea, mmemfuata siku mbaya.

Na mjue heshima ya nchi hii kwenye kifua ilijengwa na daftari. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza 1977, na Dr. Karel Styblo, daktari wa kifua kikuu kutoka Ulaya ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa kwenye kambi ya Wanazi, akafanya kazi na watu wetu kuhesabu kila mgonjwa wilaya kwa wilaya, kila robo mwaka, nani kapona, nani kafa, nani katoroka. Shirika la Afya Duniani lilikuja kuichukua njia ile miaka ya 1990 na dunia nzima ikaifuata. Leo kuna tuzo ya kimataifa yenye jina la Styblo, na anastahili. Lakini zile hesabu alizileta nani? Waratibu wa wilaya kwenye baiskeli na pikipiki, ambao majina yao hamyajui. Hata muda wa kutumia dawa kushuka kutoka miezi 18 mpaka 6, wagonjwa wa Afrika Mashariki ndio walikubali kujaribiwa miaka ile ya 1970, mama mmoja akakohoa kwenye kikopo akarudi kesho akakohoa tena. Nani kampa tuzo huyo?

Mengine nayasema haraka. Tuzo ije mtu akiwa na pumzi ya kupanda ngazi. Tuzo ya kioo ni nzuri, ila bima ya afya ni nzuri zaidi. Andikeni majina ya wanaokusanya makohozi kwenye ripoti zenu. Na mnapotafiti mapafu msiishie kifua kikuu, nendeni kwa akina mama wanaobanika samaki kwa kuni, muwasikilize wanavyopumua.

Na sisi wazee na jamii tumewafundisha vibaya, najua. Mtu anaumwa mwaka mzima hatumtembelei, akifa ndio tunakodi maturubai na kusoma wasifu kurasa nne, watoto wake wanasikia pale kaburini kwamba baba alikuwa mtu mkubwa. Mmeyaona kwetu hayo.

Sasa sikieni. Daftari 11 nimeziokoa, mganga mfawidhi kanifungulia chumba cha zamani cha sindano, nimezianika huko na ufunguo anao yeye, maana yale ni majina ya wagonjwa, hakuna kupiga picha kwa simu mle ndani. Mzee nimemwambia, amekubali kuja Jumamosi saa nne kutusomea mwandiko wake pale wino ulipotoka. Macho yake yanachoka haraka, kwa hiyo msichelewe. Njooni watatu au wanne na penseli, na mmoja aniletee kiti chenye mgongo kwa ajili yake.