Kaka anataka niache dawa, nibaki na mazoezi tu

Daktari, shikamoo.

Ni mama wa watoto wawili, nauza vitenge Chikongola, hapa Mtwara mjini. Mwaka jana msimu wa korosho umechangamka, pesa ipo mjini, mimi nakaa dukani sioni raha ya chochote. Usingizi unakatika saa tisa usiku, chakula hakipiti, najilaumu kwa mambo hata ya utotoni. Hospitali wakasema ni sonona. Nikaanzishiwa vidonge vya sonona, fluoxetine, nikaambiwa itachukua wiki kadhaa kabla sijaona nafuu, nikapangiwa na siku za kuzungumza na mshauri.

Mshauri ndiye aliyesema nitembee. Shoga yangu akaniingiza kwenye kikundi chao cha mazoezi. Tunatoka alfajiri kwenda Shangani, tunakimbia mdogo mdogo ufukweni. Yamenisaidia, sikatai. Siku niliyotoka, usiku nalala, na dukani napata hamu ya kubishana bei na wateja (nilikuwa nimeacha, mtu akitaja yoyote nampa).

Sasa kaka yangu mkubwa anasema mazoezi yameniponya, niache vidonge nisije nikawa teja. Amesikia kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, basi kila jioni ananidai dakika zangu. Hicho ni kiwango cha afya ya watu wote, hakuna aliyesema kinashika nafasi ya dawa, lakini ukimwambia hasikii.

Mwezi uliopita hali ilirudi. Viatu naviona pale mlangoni, mguu haunyanyuki. Mwili mzito kama gunia la chumvi lililonyeshewa. Kaka akasema nimejitakia, sikwenda mazoezini. Hakuuliza kilichonizuia kwenda. Ugonjwa wenyewe ndio uliochukua nguvu za kutokea.

Dawa bado nameza, na niliambiwa nisiache ghafla. Naomba kujua: kuna sonona inayotosheka na mazoezi peke yake? Yangu, iliyorudi hivi, imo? Siku nisiyoweza kufika Shangani, kuzunguka nyumba mara chache kunasaidia kitu au najidanganya?

Na kaka nimwambieje? Ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufariki, siwezi kumjibu hovyo. Nafikiria kumwomba anisindikize kliniki, ayasikie kwa mhudumu mwenyewe. Inaruhusiwa?

Mama wa wawili,
Mtwara