Bosi asipakwe oili chafu

Morogoro, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Kulwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, goti la Baba Eliya linaendelea vizuri, mvua inanyesha karibu kila siku na milima ya Uluguru hatuioni kwa mawingu. Mama mkwe anakusalimu na anauliza lini utamletea tena zabibu. Haya, salamu zinatosha, maana tangu simu yako ilipokatika juzi sijatulia.

Nilichosikia mwishoni ni kwamba Mzee Chande amekushauri umpake mbwa wako Bosi oili chafu ya gari ili mwasho umwishe, na ameshakuletea kwenye dumu. Mama Kulwa, nakuomba, dumu hilo lisifunguliwe. Mbwa hujilamba. Utakachompaka mgongoni kitaishia tumboni, na oili iliyotoka kwenye injini ni sumu, tena inaunguza ngozi ambayo tayari ina vidonda. Najua watu wengi wanafanya. Hata kwa baba kule kijijini tulifanya hivyo hivyo, na mbwa wengine walipona. Wengine walikufa, tukasema ni uzee. Mafuta ya taa vilevile usijaribu.

Uliniomba nikutajie dawa iliyomponya mbwa wangu Popi ukanunue hiyo hiyo. Ndiyo swali nililokaa nalo siku mbili hizi. Popi hajapona, ametulia tu. Ngozi yake ndivyo ilivyo na atakuwa nayo maisha yake yote, kazi yangu ni kuhakikisha anakula na kulala bila kujikuna. Halafu nikiunganisha ulivyonieleza, ugonjwa wake na wa Bosi naona si mmoja.

Ngoja nikueleze nilivyohangaika, usije ukapita njia ile ile. Karibu mwaka mzima alikuwa anakuja daktari mmoja nyumbani, anapiga sindano, anaondoka. Wiki mbili Popi mzima, ya tatu anarudi kujing'ata kiunoni mpaka nyama inaonekana. Shilingi elfu ishirini kila anapokuja, na nauli ya bodaboda juu yangu. Hakuwahi hata siku moja kumfunua manyoya akaangalia. Baadaye ndiyo nikaja kujua ilikuwa dawa ya jamii ya steroidi. Inazima mwasho haraka lakini chanzo inakiacha pale pale, na ikitumika muda mrefu mbwa anakunywa maji bila kukoma, anakojoa ndani, na mwili unashindwa kupigana na maradhi. Iliniuma sana, maana pesa ile niliitoa kwenye ada ya Eliya.

Ndipo Rehema akanisukuma nimpeleke hospitali ya wanyama pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Binti mmoja, mwanafunzi, alilowesha pamba nyeupe, akachana manyoya ya juu ya mkia, na ule unga mweusi ambao siku zote niliuita uchafu akauangushia kwenye pamba. Ukageuka mwekundu mbele ya macho yangu. Damu! Kumbe ni kinyesi cha viroboto. Akasema Popi ana mzio wa mate yao, akiumwa na mmoja tu anawashwa siku nyingi. Nikabisha, mbona mimi siwaoni? Akanijibu kuwa wengi hawako juu ya mbwa, wako nyumbani kwangu, mayai na watoto wao, kwenye matandiko, kwenye nyufa za sakafu, chini ya makochi.

Tangu siku hiyo pesa kidogo ndiyo inakwenda kwenye dawa, kilichobaki ni kazi ya mikono. Gunia analolalia kila Jumamosi linaingia kwenye maji ya moto na kuanikwa juani mpaka jioni. Nafagia chini ya makochi, taka nachoma. Nimenunua kitana cha chawa sokoni, vile vya meno ya karibu karibu, kila jioni nakipitisha kiunoni na tumboni, na kinachonasa nakizamisha kwenye bakuli la maji ya sabuni. Dawa ya viroboto ya kudondoshea shingoni nafuata tarehe niliyoandika kwenye kalenda, sisubiri aanze kujikuna. Na hapa nikuonye kwa sababu ya Nyau wako: dawa nyingi za viroboto za mbwa zina pamethrini, kemikali ya kuua wadudu, na pamethrini inaua paka. Nyau asimsogelee Bosi mpaka dawa ikauke kabisa, na yeye mnunulie iliyoandikwa ya paka.

Kuoga, natumia shampuu yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya ngozi. Akiwa na vidonda mara mbili kwa wiki, akitulia naipunguza. Chupa inadumu, shida ni kwamba watu wanasuuza mapema, wakati povu linatakiwa likae dakika kumi. Namsabuni, namshika kola, tunakaa wote chini ya mwembe tunasikiliza taarifa ya habari ya saa saba, na simmwagii maji mpaka wafike kwenye michezo. Shampuu ikiisha nachemsha maji nusu lita na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakipoa namfuta vidole na vidonda kwa kitambaa safi, kisha namkausha. Sabuni ya mche na ya unga niliacha, zinamkausha ngozi. Mwarobaini nimechemsha sana, sikuona ubaya wake, ila peke yake haukutosha. Chakula ni ugali wa dona na dagaa, yale mafuta ya samaki yanasaidia ngozi. Makombo yenye vitunguu hapewi tena, vitunguu ni sumu kwa mbwa.

Sasa Bosi. Ulisema manyoya yamemtoka kingo za masikio na viwikoni, na kwamba Kulwa na Doto nao wanajikuna mikono. Hapo moyo ulinipiga. Mshike ukingo wa sikio, usugue taratibu kwa vidole. Kama mguu wa nyuma unaanza kujikuna hewani wenyewe, huenda ni upele, ule wa utitiri, na huo unahamia kwa watu. Vaa glovu ukimshika. Watoto wapeleke zahanati, na useme wazi kuwa nyumbani kuna mbwa anayewashwa. Bosi naye aonwe na daktari wa mifugo, akwangue ngozi kidogo aitazame kwa hadubini. Asipoona kitu usikate tamaa, utitiri huo hujificha na madaktari wengi hutibu kwa kufuata dalili. Kabla ya sindano yoyote muulize, hii ni dawa gani na inatibu nini?

Ivamektini, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, utaiona kwenye kila duka la dawa za mifugo, na mtu atakwambia upime mwenyewe. Usipime. Ile ya ng'ombe ni kali, kipimo cha mbwa ni kidogo mno, ukikosea kidogo tu umemdhuru. Tena mama yake Bosi si alikuwa na damu ya kolii, wale mbwa wa kizungu wa kuchunga kondoo? Mbwa wengine wa jamii hiyo dawa hii inawapanda kwenye ubongo na kuwaua. Mwambie daktari hilo kabla hajafungua chupa.

Na lile ulilolisema kwa sauti ya chini, kwamba Baba Kulwa anataka akamwache porini njia ya Kondoa. Jamani. Mbwa aliyebweka usiku ule mpaka wale wezi wakaruka ukuta kukimbia! Mwambie anipe mwezi mmoja tu.

Deo anapanda basi Jumanne. Nimempa kitana, nusu chupa ya shampuu, na bahasha yenye elfu kumi na tano ya kuanzia kwa daktari. Usinirudishie.

Nijibu basi: sikio ulilisugua, mguu ulicheza? Anawashwa zaidi usiku? Mbwa wa jirani naye anajikuna? Kuna sindano ameshapigwa mwaka huu, na chanjo ya kichaa cha mbwa je? Afisa mifugo wa kata yenu bado ni yule mama mpole? Doto amepata viatu vya shule? Na lile dumu liko wapi? Mpe fundi wa pikipiki leo leo, kabla Mzee Chande hajapita tena.

Wako,
Mama Eliya